MTOTO APELEKWE MTONI, ASIFUKUZWE

Ndugu Wanaushirika na Ndugu Wanakijiji wote,

Katika mkutano mkuu ujao itasomwa hoja inayotaka mtoto ye yote wa chini ya miaka 15 akionekana kando ya mto Kilombero bila ndoo ya kuchotea maji, mzazi wake atozwe faini ya shilingi 10,000, na ufito wa kuvulia alio nao uvunjwe hadharani. Sisi wa Kamati ya Uvuvi tumeisoma hoja hiyo, tumeijadili usiku mmoja mpaka taa ikaishiwa mafuta, na tunasema wazi hapa ukutani, anayejua kusoma asome na asiyejua asomewe: tunaipinga. Hatuipingi kwa kuwa tunapenda watoto wafe maji. Tunaipinga kwa sababu itawaua.

Hebu tuanze na hiyo ndoo. Walioandika hoja wameona hawawezi kumkataza mtoto kwenda mtoni moja kwa moja, maana maji ya kupikia nani atachota? Kwa hiyo mtoto mwenye ndoo ruhusa, mtoto mwenye ndoana marufuku. Jamani, mamba naye anasoma hoja? Anajua huyu katumwa na mama yake na huyu kaja kwa hiari yake? Mtoto anayechota maji huinama, uso chini, mikono majini, mahali palepale, saa ileile, kila siku iendayo kwa Mungu. Hivyo ndivyo mamba anavyotaka. Mamba ni mvumilivu, hujifunza njia za watu kama mwizi anavyojifunza saa ya mlinzi kusinzia. Mtoto mwenye ufito wa mwanzi wa urefu wa hatua tatu husimama mbali na ukingo, macho yake yako juu ya maji, na kama amepelekwa kama inavyotakiwa, yupo mtu mzima nyuma yake. Kati ya hawa wawili nani yuko hatarini zaidi? Na aliye hatarini zaidi ndiye aliyepewa ruhusa.

Anayeogopa mamba kwa moyo wa kweli angeanza na uzio wa miti pale pa kuchotea maji, jambo ambalo Kamati hii imeliomba tangu kiangazi cha mwaka jana. Nguvu za kuujenga tunazo. Siku mbili za kazi zingetosha. Lakini uzio unataka jasho, na faini inataka kalamu tu.

Sasa tusidanganyane. Watoto wako mtoni sasa hivi, wakati wewe unasoma gazeti hili. Wanakwenda mchana, wazazi tukiwa kwenye mpunga. Hawaendi na ndoana, maana ndoana lazima uinunue na lazima uijue. Wanakwenda na chandarua. Chandarua kilekile kilichotolewa kuzuia malaria kinafungwa kwenye miti miwili, mtoto mmoja huku na mwingine kule, wanaingia maji ya kifua, wanakokota. Hilo ni kokoro, tena kokoro la matundu ambayo hata mbu hapiti. Na usiku mdogo wao analala anaumwa na mbu kwa sababu chandarua kimelowa, kimeanikwa uani, kinanuka samaki.

Maji ya kifua kwa mtoto wa miaka tisa! Na mto wetu hauna sakafu ya saruji. Leo hapa ni mchanga, masika yakipita hapo ni shimo, maana mafuriko yanachimba upya na kufukia upya kila mwaka. Mtoto anayekokota chandarua hurudi kinyumenyume. Haoni anakokwenda. Mikono yote miwili imeshika mti. Akikanyaga pasipo na kitu, wa upande wa pili anavutwa naye.

Halafu kuna kichocho. Tumeambiwa mara nyingi zahanati, lakini inaonekana tunasikia kwa sikio moja. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini, hasa pale pa maji yaliyotulia yenye majani, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kama saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Vinaingia kwenye ngozi kwa dakika chache tu, hata pasipo kidonda. Basi tazameni: watoto wa chandarua huingia majini saa hizo hizo, kwenye maji yaliyotulia, kwa sababu ndipo chandarua kinapokoteka. Mtoto wa ndoana husimama pakavu. Tunarudia, husimama pakavu. Hili peke yake lingetosha kuiangusha hoja, ila bado tunayo mengine.

Hapa tuseme lile ambalo watu wanalinong'ona kilabuni tu. Wapo watu wazima, tena wenye akili timamu, wanaowangoja watoto hao vichakani na sado mkononi. Wananunua vitoto vya perege kwa bei ya peremende, wanakausha, wanapeleka mnadani. Mgambo akitokea, mnunuzi hana chandarua, hana samaki mbichi, ana baiskeli tu na salamu nzuri. Anayekamatwa ni mtoto wa jirani. Huo ni unyonyaji, ndugu zetu, hauna jina lingine, na mnyonywaji hajafika hata darasa la tano. Tena tunajua baadhi ya hao watanyosha mkono kuunga mkono hoja ya faini. Kwa nini wasinyoshe? Faini haiwadhuru. Mtoto anayejificha hauzi kwa bei, anauza kwa haraka.

Na wale wanaowatuma vijana wadogo na utupa au dawa ya mashambani kwenye madimbwi ya kiangazi, hao hatuna maneno marefu nao. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza sumu na baruti, basi. Samaki aliyekufa kwa dawa ya pamba tunamla sisi wenyewe, na dimbwi lile ng'ombe wetu wanakunywa.

Tuseme kidogo juu ya samaki mwenyewe, maana wapo wanaodhani kwamba mtoto akijua kuvua samaki wataisha. Perege jike akishataga, huyaokota mayai kwa kinywa na kuyalea humo humo kinywani mpaka vitoto vianguliwe na viweze kuogelea. Vikishtuka vinarudi kinywani mwa mama. Siku hizo zote hali karibu cho chote. Sasa fikirini. Samaki asiyekula hashiki chambo. Ndoana inampita, inamwacha na watoto wake. Chandarua hakimwachi. Kinamchukua mama, na watoto, na yale mayai kinywani, na kama ni kipya kina dawa ambayo ni sumu kali kwa samaki. Mtoto aliyefundishwa jambo hili mbele ya maji, akaliona kwa macho yake, hatalisahau. Mwaka huu watoto wawili wamekuja wenyewe kwa Kamati na chandarua cha kwao, wakauliza kama kinaweza kushonwa kirudi kitandani. Hatukuwatoza faini. Tuliwaonyesha vitoto vya perege kwenye kopo, basi.

Sasa hoja zao, maana hatutaki kuambiwa tumekwepa.

Wanasema mto unaua. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2024 kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu nusu yao hawakuwa wamefika miaka 30. Sehemu kubwa ni watu wa nchi kama zetu. Ila anayeishia hapo amesoma nusu ya barua. Shirika hilohilo linasema nini kifanyike? Watoto wadogo ambao hawajafika umri wa shule wazuiwe wasifike majini, wawe na mlezi. Walio na umri wa shule wafundishwe kuogelea na kuokoa mwenzao kwa njia ya salama. Watu wanaoishi kando ya maji wafundishwe kumwopoa aliyezama na kumrudishia pumzi. Halikusema fito zivunjwe. Kijiji chetu kiko kando ya mto huu tangu babu zetu, na ukiita leo watoto 20 wa darasa la nne, hesabu wewe mwenyewe wangapi wanaweza kuelea. Tunaona haya kuiandika hesabu hiyo hapa.

Wanasema uvuvi unaleta utoro. Sisi tunasema Jumamosi na likizo hakuna utoro. Mtoto asiyefika shuleni wiki nzima haji mtoni Jumamosi, hiyo ndiyo kanuni yetu, na mwalimu ndiye atakayetupa majina. Anayetaka kukomesha utoro kweli atazame mashamba ya mpunga wakati wa kuamia ndege. Tunanyamaza hapo.

Wanasema, na hili ndilo linalotuuma zaidi, kwamba uvuvi ni kazi ya walioshindwa. Eti mtoto akiuzoea mto hatasoma. Kwani hamkusikia kwamba katika mito ya Mnyera na Ruhudji, ambayo maji yake yanakuja kuingia humu humu Kilombero, wageni wamekuwa wakija toka Ulaya, Marekani na Afrika Kusini kuvua kwa fimbo? Wanalipa ndege, wanalipa kambi, wanamfuata yule samaki mkali mwenye meno yaliyotoka nje, ambaye wataalamu walimwandika kama aina ya peke yake mwaka 1986 na kumpa jina la Tanzania. Wakimpata wanampiga picha na kumrudisha majini! Mtu anavuka bahari kuja kushika fimbo kwenye maji yetu, na mtoto aliyezaliwa hapa avunjiwe ufito wake hadharani. Hatuwaonei wivu wageni. Tunauliza tu, nani atakayewaongoza wageni hao miaka ijayo? Anayeujua mto, au anayejua kuukimbia?

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akaulaumu mtindo wa elimu unaomtenga mtoto na maisha ya watu wake. Wazee waliopita kwenye kisomo cha watu wazima wanakumbuka. Leo tuna watoto wa darasa la saba wanaojua kumchora samaki na kuonyesha pezi la mgongo kwenye karatasi ya mtihani, wakapata alama zote. Mpe kambale mzima, hajui amshike wapi asichomwe na mwiba wa pezi la ubavuni. Hiyo elimu inajitegemea kwa nani?

Baada ya hayo tuwageukie wavuvi wenzetu, maana ubaya hauko upande mmoja. Wapo wanaosema, 'Mbona mimi humchukua mwanangu kila siku?' Unamchukua kufanya nini, ndugu? Kuchimba nyungunyungu, kubeba tenga, kukomba maji kwenye mtumbwi, na kuchapwa kofi akisema amechoka. Huyo hukumpeleka kuvua, umemfanya mpagazi. Wapo na mafundi hodari ambao mtoto akipata samaki wa kwanza, boya likazama, moyo ukamruka, fundi anamnyang'anya ufito na kumvua yeye, eti asikatike mshipi. Akatike! Mshipi ni shilingi ngapi? Mtoto huyo kesho hatakuja na wewe. Atakwenda na wenzake na chandarua, kwa sababu kule angalau anavua mwenyewe.

Kumpeleka mtoto kuna taratibu yake, na tumeijaribu Jumamosi kadhaa sasa. Mtu mzima mmoja kwa watoto watatu, asizidi, na awe mvuvi mwenye leseni au mzazi anayejua kuogelea. Siku ya kwanza hakuna ndoana. Mtoto anafungiwa chubwi na kijiti, anajifunza kurusha bila kumchoma mwenzake jicho, anajifunza fundo, anajifunza kutazama maji: wapi yanakwenda kasi, wapi yanazunguka, wapi pana mafunjo ambako perege wa kiganja hupenda kukaa. Wanalalamika, ndiyo. Waache walalamike. Siku ya pili anapewa ndoana ndogo ambayo kijino chake kimebanwa kwa koleo, ili ikimwingia kidoleni itoke upesi. Na ikiingia, anapelekwa zahanati hata kama anacheka, maana pepopunda haicheki. Chambo cha kuanzia ni donge la ugali kwa perege. Nyungunyungu waje baadaye kwa kambale. Boya la kipande cha kandambili linatosha, na limetusaidia kupata kazi ya kandambili zilizokatika, ambazo kijijini hapa hazina mwisho.

Mtoto lazima apate samaki siku ya kwanza ya ndoana. Hili wengi wanalidharau. Mkubwa anaweza kukaa kutwa nzima kwa ajili ya kambale mmoja na akarudi anaimba. Mtoto wa miaka minane, nusu saa bila kuguswa chambo, ameshaanza kurusha mawe. Kwa hiyo mpelekeni penye visamaki vingi vidogo, saa moja asubuhi mpaka saa tatu, mrudi kabla jua halijawa kali. Aliyepungua kiganja arudishwe majini kwa mikono iliyoloweshwa. Mtoto atanung'unika mara ya kwanza. Mara ya tatu yeye ndiye atakayemkemea mjomba wake.

Kwa upande wa usalama hatuna mzaha. Kila kikundi kina kamba ndefu na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara. Anayetumbukia anarushiwa dumu, harukiwi; kila mtoto anarudia maneno hayo kabla ya kupewa ufito. Wanasimama hatua tatu kutoka ukingoni na mahali panabadilishwa kila wiki, mamba asituzoee. Samaki hapasuliwi ukingoni wala hafungwi kamba na kuning'inizwa majini. Damu na matumbo yapelekwe mbali. Njia ya kiboko haisimamwi, asubuhi wala jioni. Mto ukijaa, kuanzia masika yanapokolea mpaka maji yapungue, hakuna safari hata moja. Siku hizo tunakaa ghalani tunasuka migono na kufunga ndoana, na bibi zetu waliokuwa wakitega madimbwini kwa vikapu wameahidi kuja kufundisha. Wasichana pia wanakuja. Aliyeuliza kwa nini, amwulize bibi yake.

Tumesema watoto, ila wapo na wanagenzi wa miaka 30 na 40. Kijiji kimepokea watu wengi toka milimani na toka nchi za ng'ombe, wamekuja kwa ajili ya mpunga, na mto kwao ni kitu cha kuvuka tu huku umefumba macho. Hao wanaona haya kujifunza. Wanakwenda peke yao usiku na ndoana ya kuazima, na ndio tunaowatafuta asubuhi kwa mitumbwi. Tunawaambia njooni Jumamosi mkae na watoto. Mwalimu mgeni alikuja amevaa viatu vya ngozi, akafundishwa fundo na binti wa miaka kumi ambaye yeye humfundisha kugawanya. Watoto walicheka mpaka samaki wakakimbia. Leo mwalimu huyo anarusha vizuri kuliko katibu wetu, ingawa katibu hataki tuliandike.

Tunataka hoja ifutwe, na mahali pake pasomwe hii ya Kamati: kwamba uzio wa kuchotea maji ujengwe kabla ya masika, siku mbili za kazi, kila nyumba itoe mtu, kwamba mtoto asiyefika umri wa shule asiende mtoni kabisa, kwa ndoo wala kwa ndoana, kwamba wakubwa waende na wadogo Jumamosi kwa zamu, na orodha ibandikwe hapa, kwamba anayenunua samaki wa chandarua kwa mtoto atozwe yeye, mnunuzi, hiyo shilingi 10,000, kila mara. Mzazi ambaye amechoka na kazi za wiki na hana nguvu za kwenda, aseme tu, mwingine atamchukua mwanawe. Hakuna haya.

Wenye hoja ya faini wana haki ya kutujibu. Ukuta ni wa wote na nafasi tumeiacha hapo chini, upande wa mlango wa ghala. Waandike jina lao, kama sisi tulivyoandika letu.

Jumamosi hii tunakutana chini ya mkwaju saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtoto aje amekula, awe na kofia au kitambaa cha kichwa, na kopo lenye kifuniko. Ndoana zipo 14. Fito za mianzi zinatakiwa nyingine sita, mwenye kichaka cha mianzi amwone mtunza ghala. Dumu moja limetoboka, tunaomba lingine.

Ni sisi,
Kamati ya Uvuvi ya Ushirika